Anaitema Kahawa, Jamani!

Hapana. Leo niacheni niseme. Nimesonya siku kadhaa sasa mpaka ulimi umekufa ganzi, na bado roho haijatulia. Kijana wa watu, mwanachuo, mtoto aliyelelewa kwa mahamri ya mamake hapa hapa Magongo, Mombasa, amesimama mbele ya watu wazima na kijiko mkononi, akavuta kahawa kwa mlio kama wa bomba la Changamwe siku maji yanapokatika, akaizungusha mashavuni huku macho ameyafumba, halafu akaitema. Akaitema! Kahawa ya kununuliwa kwa pesa, haikuingia nzi wala mchanga, imetoka kinywani ikaenda zake koponi. Na alipokwisha kutema akachukua kalamu akaandika alama, maana kumbe siku hizi kahawa nayo hufanyishwa mtihani.

Wallahi tumeona mengi sisi wazee wa kijiwe cha hapa petu. Ukikaa ukingoni mwa barabara hii inayopanda kutoka raundabauti ya Changamwe kwenda uwanja wa ndege, utaona trela la makontena limekwama kwenye kona na dereva ameshuka kununua miwa. Utaona tuktuk imepakia kabati, na mwenye kabati amekaa juu yake analishikilia kwa miguu. Utamwona bwana harusi nyuma ya bodaboda, kanzu ameikunja mpaka kiunoni isije ikanaswa na mnyororo. Haya yote tumeyazoea. Mtu anatikisa kichwa kidogo, anaendelea na mazungumzo. Lakini kutema kahawa! Hata yule mwenzetu ambaye akishaswali adhuhuri husinzia mpaka alasiri, aliamka, akauliza nani anatapika.

Sasa nianzie mwanzo, maana mambo haya hayakuanza na kahawa. Na nyinyi wenye watoto vyuoni mtaniambia kama nazua. Chuo kimefunguliwa, mtoto amekaa wiki moja, karudi nyumbani Ijumaa na uso mzito. Mamake anamuuliza una nini mwanangu. Anasema, mama, nimegundua sina hobi. Mama wa watu akampapasa kipaji cha uso kuona kama kuna homa. Hobi! Mtoto ana masomo matano, ana nguo za kufua, ana mdogo wake wa kumfundisha hesabu, na mtungi wa maji hauna kitu, lakini linalomkosesha usingizi ni kwamba hana hobi. Wenzake wote wanazo, anasema. Mmoja anapiga gitaa, mmoja anapanda milima, mmoja anapiga picha kwa kamera ya zamani ya mikanda, ile tuliyoizika sisi wenyewe na wala hatukuisomea hitma.

Basi ikaanza kroshia. Akanunua nyuzi za rangi zote na sindano ya ndoano, akakaa barazani na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, anafuatisha msichana wa ng'ambo anayefundisha kufuma kofia. Siku kadhaa zikapita, kofia ikatoka. Ukiivaa inakufunika mpaka nyusi, halafu upande wa kushoto inavuja. Nikamwambia, mwanangu, unajua bibi yako mzaa baba alikuwa fundi wa kofia za viua? Unajua kofia ile hushonwa kwa sindano nyembamba kabisa, tundu moja moja, kila tundu linazungushiwa uzi mpaka lisimame imara, na kofia moja ikimaliza miezi hakuna anayeshangaa? Mtoto akanitazama. Hakuwa anajua. Kofia ya bibi yake imo kabatini, imefungwa kwenye gazeti, na yeye anafundishwa kufuma na mtu asiyejua hata Magongo iko wapi. Nikasonya, lakini ule ulikuwa msonyo wa kwanza, haukuwa na uchungu mwingi.

Kroshia ikalala. Zikaja kete za sataranji, nazo zikapotea moja baada ya nyingine mpaka mfalme akachezewa kwa kifuniko cha soda. Ikaja mimea ndani ya chupa, mbuzi wa jirani akaimaliza. Sitaki kukaa hapo. Lakini viatu vya magurudumu siwezi kuviruka, samahani. Mtu mwenye akili timamu, anaishi Magongo, ambako trela moja likipiga honi paa la mabati linatikisika, ndiko anakoenda kujifunza kuteleza! Wenzake wanavipeleka kule ufukoni Mama Ngina, ambako tangu pakarabatiwe mwaka 2019 kuna sakafu pana na upepo wa bahari. Yeye hakuwa na subira ya kusubiri Jumapili. Alishuka mteremko wetu huu mikono hewani, akapita mbele ya kinyozi, akapita mbele ya fundi wa matairi, akaenda kujitia kwenye karai la mama wa viazi. Viazi karai vilimwagika barabarani vyote. Alivilipa, nitamtetea kwa hilo, alivilipa mpaka cha mwisho. Kwa pesa za nani? Za HELB, za kujikimu! Bodi ya mikopo inampa mtoto chakula, yeye ananunulia wenzake viazi vya mchangani.

Jioni ile mamake alikuja mpaka hapa kijiweni. Kwa kawaida hapiti upande wetu, hupita ule wa pili akatupungia mkono. Akasema, "Wazee wangu, nisaidieni. Mtoto huyu nifanyeje?" Tukamwambia, mama, tulia, ujana ni moshi, ukienda haurudi. Atachoka. Tukamwombea dua palepale. Na dua ilijibiwa, maana magurudumu yaliingia chini ya kitanda na hayakutoka tena.

Ndipo ikaingia kahawa. Yarabi, toba!

Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba mtoto sasa anapenda kahawa, nilishukuru. Nikasema hatimaye amerudi kwao. Kuna mtoto gani wa pwani hii asiyejua kahawa tungu? Muuza kahawa wetu huja laasiri ikishaswaliwa, dele mkono mmoja, makaa yake chini yanawaka, ndoo ya vikombe mkono wa pili, na kabla hujamwona umeshamsikia anavyogonga vikombe viwili kwa vidole. Unapewa kikombe kidogo, hakina mkono, unakishika kwa ncha za vidole. Kinachoma. Tangawizi inakupanda puani. Unang'ata kipande cha kashata ama tende moja, unapiga funda, unasema neno lako la siasa. Hiyo ndiyo kahawa, na haikumshinda mtu kuijua. Nikadhani mtoto atakuja akae nasi, anunue kikombe, asikilize wakubwa wanasemaje.

Lo! Kumbe mwenzangu anaagiza mitambo. Kikaja kinu cha mkono cha chuma cha kusagia buni. Ikaja mizani ndogo inayohesabu mpaka sehemu za gramu, ambayo mimi nilidhani ni ya sonara. Likaja birika lenye shingo ndefu, limepinda, linamwaga maji kiuzi. Zikaja karatasi za kuchujia, mamake akazifungia bisi. Halafu ikaja kahawa yenyewe, mfuko wa gramu 250, shilingi 700 na ushei. Shilingi mia saba! Mfuko umeandikwa jina la kiwanda cha Nyeri, kimo cha mlima, aina ya mti na jinsi ilivyokaushwa. Mtoto akausoma mbele yetu kwa sauti, maneno yote, mpaka chini. Kikombe chetu ni shilingi kumi, hakijaandikwa kitu, na hakuna aliyewahi kulala na kiu.

Na siku yenyewe ikafika, ile ya kutema. Alituita barazani kwao, akapanga bilauri tano juu ya meza ya kusukumia mahamri. Tano, na zote kahawa ile ile! Tukamuuliza, kijana, kwani unangoja wageni? Akasema, hapana ammi, ndivyo wanavyofanya waonjaji; buni moja mbovu inaweza kuharibu kikombe kimoja, kwa hiyo unapanga vitano ili uijue. Haya. Akapima gramu nane na robo, akasaga, akatia. Akapima gramu nane na robo nyingine. Kila bilauri mililita 150 za maji, na maji hayatakiwi yachemke hasa, yawe nyuzi 93 hivi. Akamimina. Juu pakajifunga ukoko wa kahawa, akaweka simu ihesabu dakika nne. Dakika nne tunaangalia bilauri! Mwenzetu mmoja aliyewahi kuwa dereva wa masafa marefu akasema kwa dakika nne yeye alikuwa ameshavuka daraja la Kwa Jomvu.

Simu ikalia. Mtoto akainama, pua akaishusha mpaka inakaribia kuingia bilaurini, akaupasua ukoko kwa mgongo wa kijiko na kuvuta harufu. Na hapa niseme kweli tupu: ile harufu ilitoka ikatufikia sote, na benchi zima lilinyamaza. Haikuwa harufu ya kahawa tunayoijua. Ilikuwa na utamu ndani yake, na ukali wa tunda fulani. Halafu akaondoa povu, akasubiri ipoe, akaanza kuvuta kwa kijiko. Fyuuu! Mamake akaruka ndani ya nyumba. Miaka ishirini anamfundisha mtoto kunywa uji bila kelele! Akaeleza kwamba ukivuta kwa nguvu kahawa inarushika kinywani pote na harufu inapanda nyuma ya pua. Sawa. Kisha akatema. Kwa nini kutema? Kwa sababu waonjaji wa kazi huonja vikombe vingi mno kwa siku moja, na wakivimeza vyote hawatalala mpaka Idi.

Tukamuuliza, umepata nini? Akasema, napata blakakaranti.

Nipeni nafasi nivute pumzi. Blakakaranti! Ndugu zangu, ni nani kati yetu amewahi kuliona tunda hilo kwenye mti? Sisi tunaijua ni soda ya zambarau inayouzwa kwa chupa. Mtoto huyu hajawahi kulishika, hajalimenya, hajui lina kokwa au halina, lakini kinywani analipata! Kwa nini? Kwa sababu simuni mwake kuna picha ya gurudumu la ladha, waonjaji wa Marekani walilitoa mwaka 1995 na kulichora upya 2016, na ndani yake kuna matunda ya kwao yamepangwa kwa rangi. Basi yeye anavuta kahawa, anatazama gurudumu, anatafuta kitu cha kuteua. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, na hasira hiyo sijaitua mpaka leo.

Aliyemaliza mjadala ni muuza kahawa. Alikuwa amefika, ameweka dele lake chini, anatazama bilauri tano kwa jicho la mtu aliyeingiliwa kazini. Akaomba kijiko. Hakuvuta kwa kelele na wala hakutema. Alikunywa, akanyamaza, akanywa tena. Akasema, "Hii ina zambarau. Na mwisho wake ukwaju, lakini ukwaju ulioiva." Mtoto akachukua kijiko chake, akaonja upya, na nikaona nyusi zinapanda. "Ammi, ni kweli. Zambarau!" Akakata alichoandika, akaandika zambarau. Jamani, mtu aliyekaa na dele miaka yote ile, aliyeunguza vidole kwa makaa, anayejua kwa harufu tu kama tangawizi imezidi, alihitaji kijiko kimoja. Na hakuna chuo kilichomwita hata siku moja akaseme na wanafunzi.

Baadaye mtoto alitueleza kwamba ladha hiyo, ambayo wenye gurudumu huiita blakakaranti, inasifika kwenye mti unaoitwa SL28, ambao ulichaguliwa katika miaka ya 1930 kwenye Maabara ya Scott, Kabete. Mbegu yake ilitoka Tanganyika, ilionekana huko mwaka 1931 kwa kuvumilia ukame. Na akatuondolea uongo mmoja ambao sote tulikuwa tukiuuza kwa wageni, kwamba AA ni alama ya utamu. AA ni ukubwa wa buni! Zinapitishwa kwenye chekecheo, zile kubwa zinaitwa AA, zinazofuata AB, na ile buni ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda inaitwa PB. Na kahawa iliyokaushwa na tunda lake bila kuoshwa inaitwa Mbuni, nayo ndiyo ya bei ya chini. Mwenzetu mmoja ambaye kila harusi hujigamba kuwa shemeji yake humletea AA alikohoa, akaomba maji.

Haya, sasa nisikilizeni kwa hili, maana ndilo lililonitia kalamu mkononi. Mtoto alipokwisha kuosha bilauri alimgeukia muuza kahawa, akamuuliza kwa adabu kabisa: "Ammi, na hii yako inatoka wapi?" Muuza kahawa akasema, "Inatoka dukani." "Na dukani inatoka wapi?" Muuza kahawa akatutazama sisi. Sisi tukatazamana. Watu wazima, ndevu nyeupe, tuliokunywa kahawa kabla baba wa mtoto huyu hajaoa, hakuna hata mmoja aliyejua.

Na tumekaa wapi? Tumekaa Magongo! Hapa chini ni Kilindini. Kahawa ya Kenya inayokwenda Ulaya na Marekani, bandari yake ni hii. Kahawa ya Uganda nayo, sehemu kubwa inakuja kwa njia hii hii. Na Uganda si mchezo: mwaka wa fedha wa 2023/24 walisafirisha zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60. Yahesabuni magunia hayo, wandugu. Yanavuka Malaba, yanashuka Voi, yanashuka Mariakani, yanafika huku kwetu, madereva wanateremka kula pilau, makontena yanaegeshwa mbele ya macho yetu, na sisi tunawapigia kelele watoe gari wanaziba duka. Kinachopita ndani hatukijui harufu yake. Kinaingia melini, kinakwenda Ujerumani, kinakwenda Ubelgiji, halafu kinarudi kwetu ndani ya kikopo cha unga wa kukoroga, tunakiweka juu ya kabati kwa ajili ya mgeni. Si kichekesho hicho? Si cha kumfanya mtu akae chini ashike tama?

Chai angalau ina mnada wake hapa Mombasa tangu 1969. Kahawa mnada wake uko Nairobi, Wakulima House, siku ya Jumanne. Sisi ni wa kupitishiwa tu. Na inasemwa kwamba kati ya kahawa yote inayovunwa Kenya, haifiki asilimia 5 inayonywewa humu humu nchini. Wahabeshi jirani zetu wanakunywa karibu nusu ya yao! Wao wanaipikia uani, wanaikaanga mbele ya mgeni, wanafukiza ubani, kisha ndipo wanauza inayobaki. Sisi tunauza, na kinachoanguka chini ya meza ndicho tunachokaanga mpaka kikawa mkaa ili tusijue kilikuwa na kasoro gani. Mtoto aliyasema haya kwa sauti ya chini, maana muuza kahawa alikuwa palepale, na mimi nasema hapa kwa sauti ya juu kwamba alikuwa na haki ya kuyasema.

Na msiniambie kahawa ni mambo ya bara. Kahawa ya Kenya ilipandwa kwanza huku huku, Bura, Taita, mwaka 1893, wamisionari wa Kifaransa walipoleta miche ya kisiwa cha Réunion. Bura! Ukitoka hapa asubuhi na gari zima, adhuhuri umefika. Baadaye ndipo ikapanda Kibwezi na kwenda Kiambu, ikawa mali ya walowezi, na Mwafrika akazuiwa kuipanda, mpaka miaka ya 1930 walipofunguliwa wachache wa Kisii, Embu na Meru, na wengi hasa katika miaka ya 1950. Unakatazwa kupanda, halafu ukiruhusiwa kupanda hufundishwi kunywa. Nani angeyapanga haya kwa akili yake akalala usingizi?

Yule mwenzetu dereva hapo akapata la kusema, na akipata la kusema haachi. Akatukumbusha 1976 na 1977. Baridi kali ilikuwa imeua mikahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na Uganda wakati wa Amin mkulima alikuwa halipwi kitu cha maana. Basi kahawa ikavuka mpaka usiku, kwa punda, kwa kichwa, kwa baiskeli, ikitua Chepkube kule Bungoma. Anasema kijiji kilichokuwa na vibanda viwili kilijaa watu wenye pesa kwenye mifuko ya gunia, bia ikinywewa kabla jua halijatoka. Anasema alimwona kwa macho yake mtu amenunua gari na hajui kuliendesha, akaajiri dereva papo hapo. Halafu bei ikashuka na Chepkube ikanyamaza. Kenya yenyewe ilifika karibu tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88, na sasa inahemea kwenye 50,000 hivi. Kiambu mikahawa imeng'olewa, yamepandwa magorofa. Msonyo wa hapo ulikuwa wa benchi zima, na ulisikika mpaka kwa kinyozi.

Mamake mtoto naye alikuwa mlangoni anasikiliza yote. Akauliza swali la mama: "Na haya ya kuonja, kuna mtu analipwa kwayo?" Mtoto akamwambia wapo, wanakaa Nairobi, neno lao ndilo linaloamua mnunuzi atoe ngapi kwa gunia. Akamwambia Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina shamba lake la kahawa, wanavuna, wanakaanga na kufundisha. Mama akafikiri. Akasema basi soma kwanza hicho ulichokiendea, mtihani uko mlangoni. Kisha akaingia ndani na kile kinu cha chuma, na tulipomsikia mtoto anapiga ukelele tulijua kinasaga hiliki ya mahamri ya asubuhi. Harufu ya hiliki haitoki kwenye chuma, mwanangu, hilo hata bila gurudumu la ladha ungelijua.

Sasa kumezuka ugomvi, na ndio uliotufanya tusilale mapema juzi. Mtoto alimwambia muuza kahawa, kwa nini usijaribu dele moja kwa kahawa hii ya Nyeri? Wakakaa chini na mizani. Lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa, vikombe vyetu vidogo inatoa kama 25. Kahawa ya mfuko ule kwa bei ile ni shilingi 168 kwa lita. Kila kikombe kinakula karibu shilingi saba, kahawa peke yake. Muuza kahawa akahesabu vidole. "Nauza kumi. Inabaki tatu. Makaa yako wapi hapo? Tangawizi iko wapi? Na hawa wazee wako wa kukopa, niwaweke wapi?" Mtoto akasema anaweza kununua kwa gunia dogo moja kwa moja kwa chama cha wakulima, bei itashuka, na auze kikombe shilingi kumi na tano.

Kumi na tano! Ungedhani ametukana mtu. Watu wakasimama. Mmoja akasema yeye ameanza kunywa kahawa kwa senti, hatakufa akinywa kwa kumi na tano. Mwingine akasema tangawizi itaua hiyo zambarau, basi tangawizi iondolewe, na hapo ndipo palipochafuka kweli, kwa sababu upande wa pili ukasema kahawa isiyo na tangawizi ni ya wagonjwa. Mtoto mwenyewe, huyo aliyelianzisha, akasema kwa upole kwamba waonjaji hawatii kitu. Akazomewa.

Mimi msimamo wangu nimeutoa na ninaurudia hapa ili usije ukapotoshwa. Kahawa ya Nyeri ije, hata ikibidi ije na ya Bungoma na ya Kisii, tuijue moja moja. Tangawizi haitoki deleni. Kutema wateme huko huko Nairobi wanakolipwa, hapa Magongo funda litamezwa. Na hiyo kumi na tano nitaitoa, tena leo, mbele yao wote, na wa kunikasirikia anikasirikie.